Mdudu wa Karatasi wa Daktari Auzoux

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze juu ya wadudu. Msiondoke, mwishowe tutarudi kwenye programu.

Louis Auzoux alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1797. Alipokuwa akisomea udaktari Paris, maiti za kujifunzia zilikuwa haba, tena zilioza upesi. Basi akaunda mwili wa karatasi. Alichanganya karatasi, gundi na unga wa koki, akashindilia kwenye kalibu, kisha vipande vikapakwa rangi. Kila kiungo kilitoka na kurudi mahali pake, kikiwa na namba yake.

Baadaye akageukia wadudu. Hapa shida ilikuwa nyingine: mdudu hakosekani, ila ni mdogo mno. Darasa zima litachunguliaje tumbo la nyuki mmoja? Auzoux akatengeneza nyuki, kiwavi wa hariri na mbawakawa, wakubwa mara nyingi kuliko wale halisi. Ukimfungua unaona utumbo na vijibomba vya hewa, maana mdudu hana mapafu.

Sasa swali: nani alijifunza zaidi? Mwishoni mwa miaka ya 1820 Auzoux alifungua kiwanda kijijini kwao, Saint-Aubin-d'Écrosville, huko Normandy. Aliajiri wanakijiji, wanaume kwa wanawake, akawafundisha anatomia. Mwanafunzi wa mjini alifungua tu. Mwanakijiji aliunda, na huwezi kubandika mguu bila kujua unashikia wapi.

Nikiwa sekondari nilichora panzi, nikaandika majina ya viungo, nikapata maksi, nikasahau. Juzi mpwa wangu alitengeneza panzi kwa maboksi na waya. Miguu miwili akaichomeka tumboni. Nikamwambia akamtazame panzi wa kweli nje. Alirudi, akaing'oa, akaihamishia kifuani. Miguu yote sita iko kifuani, na mabawa pia. Huyo hasahau tena.

Sisi waandika programu tunalijua hili. Kusoma programu ya mwenzako ni jambo moja, kuiandika mwenyewe, ukakosea na kurekebisha, ni jambo jingine kabisa.

Auzoux alifariki mwaka wa 1880. Walimu, shule inaweza kukosa hadubini, lakini maboksi na gundi haikosi. Waacheni watoto waunde, wakosee, wang'oe, waunde tena.

Haya, tukutane wakati mwingine.