Binti aliyevunja harusi akaenda Misri kulea yatima (Historia ya Malezi, sehemu ya 6)

Najua wengine ndiyo kwanza mnawalaza watoto, kwa hiyo soma taratibu, ukisinzia utamalizia kesho ukiwa unanyonyesha.

Tangu sehemu ya 5 nimepata ujumbe mwingi, na mmoja ni wa mama ambaye binti yake amemaliza chuo. Kanisani kwao kuna kundi linakwenda nchi ya nje wiki mbili kuhudumia kituo cha yatima. Binti anatamani kwenda, baba hataki, na mama yuko katikati. Ananiuliza, "Nesi, unasemaje?" Jibu ninalo, ila lina historia ndefu nyuma yake. Naomba nianzie Misri, mwaka 1911.

Kulikuwa na binti Mmarekani anaitwa Lillian Trasher, mzaliwa wa Jacksonville, Florida, mwaka 1887. Hakuwa nesi wala mwalimu mwenye cheti. Kabla ya Misri alifanya kazi katika nyumba ya yatima huko North Carolina, na huko ndiko alikojifunza kushona, kuogesha vichanga, kupika chakula cha watu wengi kwa vitu vichache. Mshike hapo, nitarudi. Mwaka 1910 alikuwa amechumbiwa na mchungaji na harusi ilikuwa imebaki siku kumi hivi. Akaenda kusikiliza mmisionari akihubiri, akatoka pale ana uhakika kwamba Mungu anamtaka Afrika. Mchumba hakuwa na wito huo. Basi, harusi ikafa.

Hebu fikiria simu ambazo zingepigwa kama ingekuwa leo! Kamati imeshachangisha, ukumbi umeshalipiwa, sare zimeshashonwa, halafu bibi harusi anasema naenda Misri. Aliondoka Oktoba 1910 akiwa na miaka 23, dada yake Jennie akamsindikiza. Kabla ya kusafiri alifungua Biblia akakutana na Matendo ya Mitume 7:34, pale Mungu anapozungumzia mateso ya watu wake walioko Misri. Kwake yeye huo ukawa ndio mwisho wa mjadala.

Alifikia Asyut, mji wa Misri ya Juu ulio kando ya Mto Nile, zaidi ya kilomita 300 kusini mwa Cairo. (Kwa wale wa Mwanza na Bukoba: maji ya ziwa lenu yanatokea Jinja na hatimaye yanapita hapo Asyut. Sio mbali kama tunavyodhani.)

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1911, aliitwa usiku kwa mwanamke aliyekuwa anakufa. Pembeni kulikuwa na mtoto wa kike, kichanga, ananyonyeshwa maziwa kutoka kwenye kopo. Lillian mwenyewe alisimulia kwamba maziwa yale yalikuwa yameharibika hadi yamegeuka rangi ya kijani na yanavutika. Mama akafariki. Lillian akaondoka na yule mtoto.

Hapa nisimame kidogo kama nesi. Maziwa ya namna hiyo kwa kichanga ni kuhara, na kuhara mwaka 1911 kulikuwa kifo. ORS tunayoipata leo kila zahanati haikuwepo, ilikuja kutumika miaka ya 1960 mwishoni. Penisilini hospitalini ni mambo ya miaka ya 1940. Binti wa miaka 23 asiye na dawa alikuwa na vitu vitatu tu vya kumpa yule mtoto: maziwa safi, maji ya kuoga, na mikono ya kumbeba.

Mtoto alilia. Alilia usiku kucha, siku baada ya siku, kama anavyolia mtoto yeyote mwenye njaa aliyepoteza harufu ya mama yake. Wamisionari wenzake pale nyumbani wakachoka, wakamwambia amrudishe. Akakataa. Akapanga nyumba ndogo kwa dola 12 na senti 50 kwa mwezi, akahamia na mtoto wake. Tarehe 10 Februari 1911 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuanza kwa nyumba ile ya yatima.

Mimi hiki kipande ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Watu wazima waliovuka bahari kwa ajili ya Injili walishindwa na kilio cha mtoto mmoja usiku! Siwacheki. Nimefanya zamu za usiku wodi ya watoto, nakijua kile kilio cha saa tisa alfajiri. Wito wa mchana na wito wa saa tisa alfajiri ni vitu viwili tofauti, na mama yeyote anayesoma hapa ananielewa.

Pesa hakuwa nazo. Nyuma yake hakukuwa na shirika lenye mshahara, kwa hiyo alipanda punda akazunguka vijijini kuomba. Mkulima anampa ngano, mwingine maharage, mwingine sarafu mbili tatu. Waliompa walikuwa Wakristo wa Kikopti na Waislamu pia. Watoto wakaongezeka, kama ilivyo kawaida, ukiwa na chakula na mlango haufungwi. Baada ya miaka michache nyumba ikawa ndogo, akapata eneo ng'ambo ya pili ya mto wakaanza kujenga, matofali wakiyafyatua wenyewe. Kufikia 1923 walikuwa kama 300 pale, yatima na wajane.

Umesoma neno "wajane"? Wengi wanaosimulia habari zake hulipita haraka. Lillian alipokea pia wanawake waliofiwa na waume, pamoja na watoto wao. Mtoto aliyefiwa na baba hakutenganishwa na mama ili aitwe yatima wa kituo, waliingia wote. Na wale wanawake wakawa mikono ya nyumba: kupika, kufua, kulea. Mabinti waliokulia pale wakabeba wadogo zao mgongoni. Ndiyo maana nyumba ilidumu.

Sasa nitoke Misri kidogo, maana bila hili hutaona uzito wake. Mwaka 1915 daktari wa watoto wa New York, Henry Chapin, alieleza wenzake hali ya vituo kumi vya kulelea watoto nchini Marekani. Katika vyote isipokuwa kimoja, kila mtoto aliyeingia akiwa chini ya miaka miwili alikufa. Sio nusu, jamani. Kila mtoto. Wakati ule wengi waliona tatizo ni vijidudu, kwa hiyo vitanda vikatenganishwa, mashuka yakachemshwa, na wahudumu wakaambiwa wasiwashikeshike watoto.

Miaka thelathini baadaye, 1945, daktari mwingine, René Spitz, akalinganisha sehemu mbili. Ya kwanza ni kituo kisafi cha watoto walioachwa, chakula kizuri, madaktari wapo, ila mlezi mmoja ana watoto wanane hivi. Ya pili ni gereza la wanawake, ambako wafungwa waliruhusiwa kulea vichanga vyao wenyewe. Katika miaka miwili aliyofuatilia, zaidi ya theluthi moja ya watoto wa kile kituo kisafi walikufa. Gerezani hakufa hata mmoja.

Rudia kusoma hapo kama umepita haraka. Mtoto wa mfungwa alikuwa salama kuliko mtoto wa kituo chenye mashuka meupe, kwa sababu alikuwa na mtu wake. Lillian hakusoma utafiti wowote (wa Spitz ulitoka yeye ana miaka 34 Misri), lakini alifika kwenye jibu kwa njia ya yule mtoto aliyekuwa analia. Mtoto anahitaji mtu wake, mmoja, anayerudi yeye yule kesho na keshokutwa.

Furaha yake ilitoka hapo. Barua zake zimejaa habari za watoto, nani ameota meno, nani ameolewa, nani amerudi kusalimia akiwa na kazi yake. Walimwita Mama. Ni furaha ile ile unayoipata wewe mtoto wako anapokutofautisha na watu wengine wote chumbani, na haiji siku ya kwanza.

Lakini sitaki mdhani nasimulia habari za malaika. Kuna mwaka mgumu, 1933. Mjini Port Said, kwenye nyumba nyingine ya wamisionari, binti wa Kiislamu wa miaka 15, Turkiyya Hasan, alichapwa na msimamizi wake, na habari zikatoka kwamba alikuwa anashinikizwa kubadili dini. Misri nzima ikawaka. Serikali ikaanza kukagua vituo vya wamisionari, na ilipofika Asyut iliwaondoa watoto wa Kiislamu kwa Lillian, makumi kwa mkupuo.

Lillian aliumia sana, watoto wale alikuwa amewalea. Lakini mimi nikisoma upande wa pili nawaelewa Wamisri pia. Nyumba yake ilikuwa ya Kikristo, ibada kila siku, na yeye alitamani kila mtoto aokoke, hakuficha. Kwa Waislamu, kumlea yatima ni thawabu kubwa, ila mtoto habadilishwi nasaba wala hatenganishwi na dini ya wazazi wake. Sasa mtoto wa miaka mitatu ambaye anategemea mkono wako kwa kila tonge, huyo anaweza kukukatalia nini? Kufuatia sakata lile, serikali na jumuiya za Kiislamu nazo zikafungua nyumba za yatima kwa wingi. Waliogharimika ni wale watoto walioamka asubuhi na Mama, jioni wakalala kwa watu wasiowajua. Watu wazima wa pande zote mbili walikuwa na hoja zao. Mtoto hana hoja, ana usingizi wa kulia tu.

Nayasema haya nikijua hapa tuko mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, na wote tuna vituo vyetu, vya misikiti na vya makanisa. Ukienda kutumikia kwa ajili ya imani yako, yule mtoto asiwe ndiyo malipo.

Lillian alikaa. Alikaa vita ya kwanza, akaondoka kwa muda wakati wa ghasia za 1919, akarudi 1920. Akakaa vita ya pili, mwaka wa sakata, mapinduzi ya 1952. Alifariki tarehe 17 Desemba 1961, miaka 50 tangu yule kichanga wa kwanza, akazikwa palepale Asyut. Wakati huo nyumba ilikuwa na watu zaidi ya elfu moja, na waliopita mikononi mwake ni maelfu. Ipo mpaka leo. Kama mnataka mtazamo wangu, elfu moja ni wengi mno, hata yeye hakuweza kuwa mama wa elfu. Leo hatungejenga vile, tungewasaidia wale wajane wakiwa kwao.

Sasa turudi kwa binti yetu na wiki zake mbili.

Vituo vingi leo, hapa kwetu na nje, vina watoto ambao mzazi mmoja yupo hai, au bibi yupo, shangazi yupo, kilichokosekana ni pesa. Na kuna mahali wageni wanavyozidi kuja na zawadi, ndivyo watoto wanavyozidi kutafutwa ili wawepo wa kuonyeshwa. Ndiyo maana Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya safari za kujitolea kwenye vituo vya yatima. Na ukiona mtoto wa miaka mitatu anamkimbilia mgeni asiyemjua, anamkumbatia na hataki kushuka, usifurahi haraka. Wa kwako nyumbani angejificha nyuma ya gauni lako kwanza. Huyo wa kituoni ameshazoea kwamba watu huja na kuondoka, anachukua anachoweza kabla gari halijawashwa.

Kwa hiyo mama, jibu langu ni hili. Kama ni wiki mbili, aende akifika afue, apike, afyatue matofali, apake rangi, ashone sare, awapumzishe wale akina mama wa pale ili wao wapate nguvu ya kubeba watoto. Vichanga awaachie walezi wao. Picha za watoto asipige. Na kabla ya kulipa nauli aulize swali moja kwa simu: usiku mtoto akilia, nani anaamka, na huyo mtu ana miaka mingapi pale? Wakijibu kwa jina la mtu, hiyo ni dalili nzuri. Wakianza kumtajia idadi ya vitanda, asubiri.

Na kama atagundua ana wito wa saa tisa alfajiri, hahitaji hata pasipoti. Kwa hapa Tanzania aende ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake aulizie kuhusu mlezi wa kuaminika, anayekaa na mtoto nyumbani kwake wakati ndugu wanatafutwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu. Baba naye hapo hatakuwa na neno la nauli.

Sehemu ya 7 nitaeleza kumlisha kwa kikombe kichanga asiye na mama, maana chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha na bado zinatuletea watoto wanaoharisha wodini. Wenye bibi wanaolea wajukuu, waiteni wasome.