Nani Aliyeigonga? Juu ya Nishani za Kijerumani na Alama Zake

Mzee wa usharika wa Bombambili akifungua kitambaa na kumwonyesha mchungaji wake nishani ya kale ya Kijerumani, swali la nani aliyeitengeneza si la wakusanyaji wa vitu vya kale peke yao. Hapa Songea swali hilo huvuta la pili: ilitolewa kwa vita gani?

Tarehe 13 Juni 1912 Kaisari Wilhelm II aliweka Nishani ya Makoloni kwa walioshiriki mapigano katika makoloni ya Ujerumani. Juu ya utepe wake hutiwa kibao chembamba chenye jina la nchi na miaka ya mapigano. Kile kinachotuhusu kimeandikwa Deutsch-Ostafrika 1905/07, yaani Maji Maji. Hesabu za waliokufa, wengi wao kwa njaa, hutajwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Nkosi Mputa Gama na Nduna Songea Mbano walinyongwa mwaka 1906. Nasi Walutheri hatuwezi kukisoma kibao hicho kama watazamaji wa mbali, kwa maana Yakobi, kituo cha Misioni ya Berlin katika nchi ya Wabena, kilishambuliwa Septemba 1905. Askari wengi wa jeshi la kikoloni walikuwa Waafrika. Wajukuu wa walionyonga na wa walionyongwa waweza kuketi katika benchi moja.

Basi mtengenezaji hutambuliwaje? Yatupasa kutazama ukingo na pete kabla ya sura. Misalaba ya Chuma ya vita vya 1914–1918, kwa mfano, mara nyingi ina herufi ndogo penye pete. KO ni alama ya kiwanda cha kifalme cha sarafu cha Berlin. Kwenye sarafu herufi moja yatosha. Heller za koloni letu zina A kwa Berlin au J kwa Hamburg.

Lakini kuna kipande kimoja ambacho wengi hukidhania kuwa nishani, hasa kikiwa kimetiwa kitanzi cha kuvaliwa shingoni: cha dhahabu, chenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na herufi T. Hiyo si nishani. Ni sarafu ya rupia 15 ya mwaka 1916, na T ni Tabora. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha haikufika kutoka Ulaya, na serikali ya kikoloni ikageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu chini ya mtaalamu wa madini Friedrich Schumacher. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba, ambako leo sharika zetu ni nyingi. Zilipigwa zipatazo 16,000, kila moja yenye uzito wa gramu 7 hivi. Heller 20 zilipigwa papo hapo kwa shaba na shaba nyeupe, nyingine kutokana na maganda ya risasi. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia mjini.

Sasa tazama jambo hili. Upande wa tai huhusishwa na mchongaji R. Vogt. Upande wa tembo, ambao kwa maoni yetu ndio mzuri kuliko wote, husimuliwa kuwa ni kazi ya sonara Msinghala kutoka Ceylon. Jina la Vogt limehifadhiwa. Sonara amebaki na kabila tu. Watunzaji wa kumbukumbu za kikoloni waliandika hivyo mara nyingi, na wanahistoria wa Kanisa wanaosoma ripoti za misioni wameshaizoea tabia hiyo: mmisionari ana jina na herufi za kwanza, mwalimu wa kijijini ni "mmoja wa wasaidizi wetu".

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika katika Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha, na kuahidi jitihada za kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Kwa hiyo mchungaji akiletewa kitu cha namna hii asikisugue kwa majivu, maana herufi ndogo hufutika kwanza. Akipime, aandike maneno yote ya pande mbili na ya ukingoni, kisha amwulize aliyekileta kilivyofika nyumbani kwao, na jina la babu aliyekivaa aliandike kamili, pamoja na la baba yake.