Posa zilizokataliwa: riwaya iliyochekesha wasomaji kwa miaka 200

Jumatano ya tarehe 27 Januari 1813, kifurushi kutoka London kilifika kwenye nyumba ya matofali katika kijiji cha Chawton, kusini mwa Uingereza. Ndani yake mlikuwa na riwaya mpya iitwayo Pride and Prejudice. Jina la mtunzi halikuwepo. Jalada la ndani lilisema tu kwamba ni kazi ya yule aliyeandika Sense and Sensibility. Siku hiyo wenye nyumba walikuwa na mgeni wa chakula, Miss Benn, jirani maskini wa hapohapo kijijini. Jioni wakamwambia kwamba walikuwa wamesikia habari za kitabu hicho kutoka kwa ndugu yao Henry, na kwamba walikuwa wamemwomba Henry awaletee kikitoka. Wakaanza kumsomea kwa sauti, wakafika nusu ya juzuu ya kwanza. Miss Benn alifurahi kwelikweli, hasa akampenda msichana mmoja wa humo, Elizabeth Bennet. Hakujua kwamba aliyemuumba Elizabeth alikuwa ameketi naye chumba kimoja.

Mtunzi huyo, Jane Austen, wakati huo alikuwa na miaka 37. Alimwandikia dada yake Cassandra kumweleza furaha ya kukipokea kitabu, akikitaja kama mtu anavyomtaja mwanawe kipenzi. Siku chache baadaye akaandika tena, safari hii akilalamika. Jioni ya pili ya usomaji haikumpendeza, kwa kuwa mama yao alisoma mbiombio, na ingawa aliwafahamu wahusika barabara, hakuweza kuwapa sauti zao zinazostahili. Malalamiko hayo nayaona kuwa ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Riwaya hii ilitungwa na mtu aliyeisikia masikioni, na kwa zaidi ya karne mbili walioipenda kupita kiasi wamekuwa wakisomeana.

Kwa kweli ilikwisha kupendwa kabla haijachapishwa. Jane aliandika rasimu yake ya kwanza kati ya Oktoba 1796 na Agosti 1797, akiwa binti wa miaka 20 na kidogo nyumbani kwa baba yake, mchungaji wa parokia ya Steventon. Familia ikachekeshwa nayo kiasi kwamba tarehe 1 Novemba 1797 mzee George Austen alimwandikia mchapishaji Thomas Cadell wa London kumuuliza kama angependa kuuona mswada. Jibu lilirudi upesi: hapana. Cadell hakuomba hata ukurasa mmoja wa kuonja. Mswada ukabaki nyumbani, ukisomwa na kurudiwa. Mwaka 1799 Jane alimtania rafiki yao Martha Lloyd katika barua kwa Cassandra kwamba hamwachii tena mswada ule, maana akiusoma mara moja zaidi ataweza kuuchapisha kwa kumbukumbu ya kichwani.

Miaka 15 baada ya Cadell kukataa, mchapishaji mwingine, Thomas Egerton, aliununua kwa pauni 110. Jane alitaka 150. Aliuza hakimiliki moja kwa moja, kwa hiyo toleo la pili lilipotoka mwaka huohuo wa 1813, na la tatu mwaka 1817, yeye hakuambulia hata senti. Inauma kulisoma jambo hili, kwa sababu kati ya vitabu vyake vyote hiki ndicho kilichopokelewa kwa shangwe kubwa tangu siku ya kwanza.

Juzuu tatu ziliuzwa shilingi 18, bei ya watu wenye nafasi, na wao ndio walioanza kukivumisha. Annabella Milbanke, aliyekuja kuolewa na mshairi Byron, alimwandikia mama yake mwaka ule kwamba hiyo ndiyo riwaya ya mtindo mjini. Alisifu kwamba ndani yake hakuna wa kuzama maji, hakuna nyumba za kuungua wala farasi wa kutimka ovyo, na bado msomaji anashikwa. Henry Austen naye, aliposikia watu wakikimwagia sifa kitabu huko Uskoti, alishindwa kuuzuia ulimi akataja kwamba ni kazi ya dada yake. Siri ikavuja. Jane mwenyewe alikuwa akiishi na wahusika wake kana kwamba ni watu wa mtaani: Mei 1813, alipotembelea maonyesho ya picha London, alitafuta ukutani sura za mabinti wawili wa kitabu chake waliokwisha kuolewa. Jane Bennet alimwona, amevaa gauni jeupe lenye mapambo ya kijani. Elizabeth hakumpata popote.

Ni nini hasa kinachowashika watu? Mzee Bennet ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, na sheria imefunga mali yake imwendee ndugu wa kiume wa ukoo, Mchungaji Collins. Akifa leo, kesho mke na mabinti hawana pa kulala. Juu ya hofu hiyo ndipo Jane Austen alipoujenga mzaha wake. Collins anakuja kumposa Elizabeth na kumpangia hoja zake kama mtu anayesoma muhtasari wa mkutano: kwanza mchungaji inampasa kuoa, pili ataongeza furaha yake mwenyewe, tatu yule bibi mkubwa anayemfadhili amemwagiza. Elizabeth anakataa. Collins anatabasamu, kwani anajua mabinti wa heshima hukataa mara ya kwanza. Anakataa tena, naye anazidi kutiwa moyo. Mwanamke yeyote aliyewahi kusema hapana mbele ya mwanamume asiyetaka kusikia atacheka hapo mpaka mbavu zimuume, na atacheka akijua ni kwa nini.

Kisha inakuja posa ya Darcy, tajiri wa pauni 10,000 kwa mwaka, anayemwambia Elizabeth kwamba anampenda kwa moto na papo hapo kumweleza jinsi ukoo wake ulivyo duni. Naye anakataliwa, kwa maneno makali kuliko aliyowahi kuambiwa maishani. Barua anayoandika kesho yake inamlazimisha Elizabeth kuisoma na kuirudia, na kila akirudia, uhakika wake unapungua. Mwishoni mwa kitabu, mzee Bennet, aliyetuchekesha kurasa zote kwa kejeli zake, anamwita bintiye huyo chumbani na kumwomba asije akaolewa na mtu asiyemheshimu. Anaongea kama baba aliyeishi ndani ya kosa hilo hilo. Hapo wasomaji wengi hupigwa na machozi wasiyoyatarajia.

Jane Austen alifariki tarehe 18 Julai 1817 akiwa na miaka 41. Kaburi lake limo katika kanisa kuu la Winchester, na jiwe lililowekwa juu yake linataja wema na imani yake bila neno lolote kuhusu vitabu. Wasomaji ndio waliokataa kumsahau. Walter Scott, mwandishi mashuhuri kuliko wote wa zama zile, aliandika katika shajara yake mwaka 1826 kwamba alikuwa amemaliza kusoma Pride and Prejudice kwa mara ya tatu angalau. Si wote waliokubali: Charlotte Brontë alikisoma mwaka 1848 akaona bustani nadhifu iliyozungushiwa ua, isiyo na hewa ya kutosha. Lakini wasifu wa Jane ulioandikwa na mpwa wake mwaka 1870 uliwasha upya hamu ya umma, na mwaka 1894 lilitoka toleo lenye michoro ya Hugh Thomson na tausi wa dhahabu jaladani. Katika utangulizi wake, George Saintsbury aliwapa mashabiki jina ambalo wanalo hadi leo, Janeites.

Vita ndivyo vilivyopima mapenzi hayo. Rudyard Kipling, aliyempoteza mwanawe John katika mapigano ya 1915, aliwasomea mkewe na binti yake riwaya za Jane kwa sauti nyumbani, na mwaka 1924 akachapisha hadithi ya askari wa mizinga wanaounganishwa na vitabu hivyo. Desemba 1943, Winston Churchill alikuwa kitandani Carthage, nchini Tunisia, akiugua nimonia. Binti yake Sarah aliketi kando yake akamsomea Pride and Prejudice. Baadaye Churchill aliandika kwamba aliwaonea kijicho watu wa riwayani kwa maisha yao matulivu, yasiyosumbuliwa na Napoleon. Hapo simuungi mkono. Wale maafisa wa jeshi wanaowatia wazimu mabinti wa Bennet wako pale kwa sababu nchi iko vitani, na kaka wawili wa Jane walikuwa wanamaji. Alivijua vita, ila aliamua kuandika kuhusu wanaobaki nyumbani.

Mwaka 1995 BBC ilirusha mchezo wa sehemu sita, Jennifer Ehle akiwa Elizabeth na Colin Firth akiwa Darcy, na zaidi ya watazamaji milioni 10 wakawa wanawahi nyumbani kuutazama. Mwaka uliofuata Helen Fielding akatoa Bridget Jones's Diary, ambamo bwana wa moyo anaitwa Mark Darcy. Mwaka 2003, Waingereza walipopiga kura kuchagua kitabu wanachokipenda, Pride and Prejudice kilishika nafasi ya pili. Tangu 2017 sura ya Jane Austen imo kwenye noti ya pauni 10.

Hakimiliki iliyouzwa kwa pauni 110 ilikwisha zamani, na kitabu chote kinapatikana bure kwenye intaneti. Kama Kiingereza cha enzi hizo kinakutisha, anza na sura ya 19, ya posa ya Collins, kisha uruke hadi ya 34 na ya 35. Sura hizo tatu zikikuchekesha na kukugusa, rudi mwanzo usome zote, na mtafute mtu wa kumsomea.