Daftari la Mwalimu wa Kwaya

Jumamosi alasiri hapa Lusenda, wilayani Fizi, jua likishaanza kuelekea nyuma ya milima, mwalimu wa kwaya huketi kwenye benchi la mbao na daftari mapajani. Ukichungulia ndani hutaona ile mistari mitano ya nota wanayoitumia Wazungu. Utaona herufi: d, r, m, f, s, l, t. Kati yake kuna nukta mbilimbili za kuhesabia mapigo, na kistari pale sauti inapovutwa. Herufi yenye alama ndogo chini yake huimbwa chini, yenye alama juu huimbwa juu. Safu nne zimepangwa, moja chini ya nyingine, kila safu na sauti yake. Mwalimu husafisha koo, hutoa "do" yake, kisha hunyoosha kidole kwa sauti ya nne, ile ya chini kabisa, ili waanze wao, kwa maana nyumba hujengwa kutoka chini.

Nimemwona mama wa sauti ya pili akimtikisa mtoto mgongoni huku ameshikilia "mi" yake, asiiachie hata sauti ya kwanza ilipomzidi nguvu pembeni. Mwalimu alisimamisha watu wote kwa kiganja kimoja, akarudisha vipimo viwili, akawaambia vijana wa sauti ya tatu: "Msikimbie, msikilizeni mama." Wakarudia mara saba, na mara ya saba ikakaa.

Kazi hiyo, ingefanyika Vienna au Milan kwenye jumba la opera, mtu huyo angeitwa maestro na jina lake lingebandikwa mlangoni. Hapa anaitwa mwalimu tu, na halipwi. Ninaandika historia hii kwa sababu Kongo imetoa waimbaji na waongozaji wa muziki wa opera na okestra wanaojulikana duniani, na baadhi yao walianzia kwenye benchi kama hili. Nimeifuatilia safari yao na nimeona kwamba kipaji hakikupungua popote. Kilichopungua mara nyingi ni maandishi.

Pwani yetu ya Fizi iliusikia uimbaji wa Kilatini mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Mapadre Weupe walifika upande huu wa Ziwa Tanganyika miaka ya mwanzo ya 1880, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Waliwakusanya watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, na misa waliyoihudhuria watoto hao ilikuwa kwa Kilatini. Kibanga haikudumu, kazi ilihamishiwa kusini zaidi mwa ziwa. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa: mtoto wa Kiafrika, padre, na wimbo ulioandikwa.

Zile herufi za daftarini zina historia yake. Mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alizibuni ili watoto waimbe bila kuumizwa kichwa na mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaziboresha na kuzisambaza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari wakazipenda kwa sababu zilichapwa kwa herufi za kawaida na hazikuhitaji piano. Ukiwa na chaki na ukuta unaweza kufundisha sauti nne. Ndiyo maana zimedumu kwetu mpaka leo, ilhali huko zilikozaliwa wengi wamezisahau.

Twende sasa Katanga, kwa wenzetu wa Kiswahili. Miaka ya 1930, mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mtawa Mbenediktini kutoka Ubelgiji, Anschaire Lamoral, aliunda kwaya ya wavulana iliyochukua jina la Msalaba wa Shaba, shaba ikiwa ndiyo utajiri wa mkoa ule. Katika mazingira hayo ya kanisa na shule alikomaa Joseph Kiwele, aliyezaliwa 1912. Huyu alijifunza nota sawasawa, akafundisha muziki, akaandika nyimbo za kanisa kwa namna ya wasomi huku akitia ndani yake mapigo na mwendo wa nyumbani. Katanga ilipojitenga mwaka 1960 chini ya Moïse Tshombe, Kiwele akawa waziri wa elimu na ndiye aliyetunga wimbo wa taifa la Katanga. Alifariki 1961. Siasa za Katanga tuziache kwa wanasiasa. Ninalotaka msomaji alishike ni kwamba Kiwele aliandika, na jina lake liko juu ya karatasi zake. Ukitaka kujua nani alikuwa mtunzi wa Kikongo wa muziki wa namna hiyo kabla ya uhuru, kuna la kuonyesha.

Kamina, mji wa reli katika mkoa huohuo, mambo yalikwenda vingine. Mfransiskani Mbelgiji, Guido Haazen, alifika huko mwaka 1953, na mwaka uliofuata akaunda kundi la wavulana wapatao 45 pamoja na walimu wao wapatao 15, lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Kutoka kundi hilo ilizaliwa Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwezi Machi 1958. Maneno ni yaleyale ya Kilatini ya misa. Sauti ni za Kiluba: pale penye kusulubiwa wanaomboleza kwa mtindo wa kasala, kilio cha msibani, Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Ngoma zinashikilia chini, mwimbaji mmoja anatangulia, wengine wanaitikia.

Mwaka huohuo kundi lilisafiri Ulaya. Waliimba Brussels kwenye maonyesho makubwa ya dunia, wakapita Uholanzi na Ujerumani, wakaimba hata pamoja na wale wavulana mashuhuri wa Vienna. Sahani ya santuri ilirekodiwa na kampuni ya Philips. Miaka kumi baadaye, 1968, mwongozaji wa filamu Mwingereza Lindsay Anderson aliiweka Sanctus ile katika filamu yake if...., na vijana wa Ulaya ambao hawajawahi kuisikia Kamina wakainunua.

Sasa uliza: nani aliyetunga Missa Luba? Jina lililokwenda na sahani ni la Haazen. Haikuwa imeandikwa; waimbaji waliijenga wakiimba, kila mmoja akijua mahali pake, hivyo hata kuirudia neno kwa neno hapakuwezekana. Jina la mwimbaji aliyetangulia, mwalimu Joachim Ngoi, limehifadhika. Wavulana na walimu wengine wote waliofanya sauti ile itetemeshe makanisa ya Ulaya, ni nani anayewataja leo? Simlaumu padre, alikuwa na sikio jema na aliipenda kazi. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijaona mfano wake ulio wazi kuliko huu.

Kuna jambo jingine la Élisabethville ambalo ni lazima lisemwe hapa. Wakati wavulana wa Msalaba wa Shaba wanaimba, gerezani mwa mji huohuo alikuwamo mzee mmoja wa Bas-Congo, Simon Kimbangu. Alianza kuhubiri na kuponya Nkamba mwaka 1921, akakamatwa na Wabelgiji mwaka huohuo, akahukumiwa kifo, na adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia humo Oktoba 1951. Wafuasi wake walipofukuzwa makwao na kutawanywa, walisali kwa kuimba. Hadi leo Wakimbanguisti wanasema nyimbo zao nyingi hazikutungwa bali zilipokewa, katika ndoto au maono. Kanisa hilo limejengwa juu ya kwaya, filimbi na bendi za matarumbeta.

Mtoto wa Kimbangu, Joseph Diangienda, aliliongoza kanisa kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki 1992, na alikuwa ameacha neno kwa mwanawe Armand: lianzishwe kundi la muziki wa okestra. Armand Diangienda hakuwa mwanamuziki wa chuo. Alikuwa rubani wa ndege za abiria, na kazi hiyo ikamwishia. Mwaka 1994, katika Kinshasa ya wakati Zaire inayumba na mishahara hailipwi, akawakusanya waumini wachache na kuwaambia watapiga Mozart na Beethoven.

Fidla zilikuwa chache kuliko wapigaji. Mmoja alipiga kwa dakika kadhaa, akampa mwenzake, akasubiri zamu. Uzi ulipokatika na duka la nyuzi halipo, waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi. Nota zilinakiliwa kwa mkono, sauti baada ya sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Yeyote aliyewahi kunakili wimbo mmoja wa sauti nne kwa taa ya kibatari anajua maana ya kunakili Symphonia ya Tisa ya Beethoven, yenye okestra nzima, waimbaji wanne wa mbele na kwaya. Mchana watu hao walikuwa sokoni, gereji, hospitalini. Jioni walikwenda mazoezini kwa miguu au kwa basi lililojaa, na umeme ulipokatika waliendelea kwa kadiri walivyokumbuka.

Mwaka 2010, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Wajerumani Claus Wischmann na Martin Baer walitoa filamu Kinshasa Symphony, na dunia ikaifahamu Orchestre Symphonique Kimbanguiste, wanamuziki na waimbaji wapatao 200. Mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London, chama kilekile kilichomwagiza Beethoven hiyo Symphonia ya Tisa, kilimpa Armand Diangienda uanachama wa heshima. Nirudie taratibu: babu alifungwa miaka 30 kwa kuhubiri, na mjukuu akapewa heshima hiyo na chama kilichoagiza muziki ule. Wazee wa kanisa wanaona mkono wa Mungu hapo. Mimi naona pia mikono iliyonakili nota.

Mtu wa mwisho ninayemleta ni Serge Kakudji, wa kizazi cha 1989, kijana wa Lubumbashi. Aliisikia opera kwenye televisheni akiwa mdogo na akaanza kuiga sauti zile, na sauti aliyokuwa nayo ni ya pekee: mwanaume anayeimba juu, mahali pa wanawake. Kwenye kwaya zetu mvulana wa namna hiyo huchekwa mpaka anyamaze au ahamie sauti ya nne kwa lazima. Kakudji hakunyamaza. Alikwenda kusomea Ulaya, akaimba katika kazi za Alain Platel na Fabrizio Cassol: Pitié! ya mwaka 2008, iliyotoka kwenye muziki wa Bach, na Coup Fatal, iliyoonyeshwa kwanza Vienna mwaka 2014. Katika hiyo ya pili aliimba Händel na Monteverdi akizungukwa na wapigaji kutoka Kinshasa wenye gitaa, likembe na ngoma, wakiongozwa na mpiga gitaa Rodriguez Vangama.

Jukwaani kulining'inia pazia la maganda ya risasi, kazi ya mchongaji Freddy Tsimba wa Kinshasa. Sisi wa Fizi hatuhitaji kuelezwa maganda hayo ni nini. Watoto wetu wameyaokota njiani wakienda shule. Kuyaona yametundikwa kama shanga, mwana wa Lubumbashi akisimama mbele yake na kuimba kwa sauti ya juu kabisa, ni jambo ambalo makala ya gazeti haiwezi kulifikisha.

Nirudi nyumbani. Vita vilipoanza mwaka 1996, watu wengi wa Fizi na Baraka walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kwaya zikavuka nao. Kambi ya Nyarugusu ikajaa nyimbo za huku. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Warundi kuja kwetu, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa kando ya barabara ya Uvira na Baraka. Tangu hapo Jumapili moja unaweza kusikia Kirundi, Kibembe, Kifuliiru na Kiswahili katika ibada moja. Wengine wanasema kwaya, wengine korali, na herufi ni zilezile: mwalimu aliyetoka ng'ambo ya Ruzizi anaweza kulichukua daftari la mwalimu wa Nundu na kuimba wimbo ambao lugha yake haijui.

Daftari la kwaya niliyoimba ujanani, sauti ya tatu, lilibaki nyuma siku tuliyokimbia. Nyimbo zilizokuwamo humo zilikuwa zaidi ya hamsini. Leo, tukikaa watatu wanne tuliobaki, tunazikumbuka kumi na moja, na katika hizo kumi na moja, mbili tu ndizo tunazomjua kwa hakika aliyezitunga.

Kwa hiyo ninawaomba walimu na makatibu wa kwaya, kuanzia Lusenda, Nundu na Baraka hadi Fizi mjini. Jumamosi ijayo, kabla ya kuanza mazoezi, fungueni daftari. Juu ya kila wimbo andikeni aliyeutunga, aliyetangulia kuuimba, kijiji na tarehe. Kisha mpeni kijana mwenye mwandiko mzuri anakili daftari la pili, na hilo la pili likalale nyumba nyingine.