Kunyolewa Si Msiba Daima

Hapa kwetu Kilolo binti akipunguza nywele zake hata zikawa fupi, wazee wengine humwuliza, "Umefiwa na nani?" Swali hilo lina asili. Hapo kale, katika makabila mengi ya nchi yetu, waliofiwa walinyolewa kichwa. Hata Ayubu, alipopata habari ya kufa wanawe, alinyoa.

Lakini maana ya nywele hugeuka pamoja na nyakati. Katika mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, kukataza nywele za bandia, dawa za kung'arisha ngozi na nguo fupi mno, tangu Januari 1969. Walisema wanalinda utamaduni wa taifa. Kumbe, hata kabla ya siku hiyo, wanawake walishambuliwa njiani na vijana. Heshima iliyotafutwa kwa fujo ikazaa aibu.

Basi na tujifunze. Binti akatazo nywele zilizounguzwa na dawa, apate kuotesha zake za asili, hana msiba wala uasi. Tusimcheke. Nywele huota upesi. Moyo uliodharauliwa hukawia kupona.