Kitabu Kilichokaa Sandukuni

Katika Kiswahili chetu kuazima si kukopa. Mwenye kukopa pishi ya mchele huula mchele ule, na siku ya kulipa akaleta mwingine mfano wake, na hapana wa kumlaumu. Ama mwenye kuazima jembe hurudisha jembe lile lile maadamu lingaliko, hata kama dukani yako mazuri zaidi. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku pwani, kitu cha kuazima kikipotea mikononi mwa aliyekiazima hukilipa, ijapokuwa hakufanya uzembe. Haya twayajua tangu chuoni. Lakini tazama, ndugu msomaji, ni nyumba ngapi katika miji yetu zenye vitabu vya watu makabatini, vilivyoazimwa kwa siku tatu na sasa vina miaka thelathini! Mtu huona haya kulala na sufuria ya jirani, lakini kitabu hukaa nacho umri mzima, tena akawaonyesha wageni.

Nasema haya nikianzia nyumbani kwetu.

Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa Pangani, lakini sehemu kubwa ya umri wake wa kazi aliimaliza Tengeru, kilomita kama 13 kutoka Arusha katika njia ya Moshi, akiwa karani wa shamba la kahawa. Alipofariki tulifungua sanduku lake kabla ya kugawa chochote, kwani mirathi haigawanywi ila baada ya kutekeleza wasia na kulipa madeni. Ndani mlikuwa na misahafu miwili, barua, stakabadhi za kodi za zamani, na vitabu viwili ambavyo havikuwa vyake. Kimoja ni Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, hadithi ya maisha ya kijijini Unguja, chapa ya mwaka 1960. Ukurasa wa mwanzo una muhuri, na nyuma imebandikwa karatasi ya tarehe. Tarehe ya mwisho ni ya mwaka 1962.

Ndugu yangu mmoja akasema, "Ofisi iliyopiga muhuri huu imekwisha kufa. Utamrudishia nani? Kiache kiwe kumbukumbu ya baba." Dada yetu mkubwa akajibu kuwa hiyo si kumbukumbu, hilo ni deni, naye hatapokea fungu lake hata deni litoke. Wakanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyewahi kukaa na baba Tengeru, nikapewa kazi ya kumtafuta mwenye kitabu.

Na kumjua mwenyewe kulihitaji kwanza kuijua historia. Muhuri ule ulikuwa wa East African Literature Bureau, ofisi ya vitabu ya serikali za Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, mkuu wake wa kwanza akiwa Charles Richards. Ofisi hiyo ilikuwa na kazi mbili, kuchapisha vitabu kwa lugha za wenyeji, na kuvifikisha kwa watu. Zama zile maktaba zilikuwa chache, na nyingi katika hizo zilikuwa za vilabu vya Wazungu, ambavyo mtu mweusi aliingia kufagia tu. Pwani tulikuwa na heri kidogo. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu mwaka 1903, na Tanga katika miaka ya 1950 ikapata maktaba iliyoitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita. Lakini mtu aliyekaa chini ya mlima Meru alisubiri sanduku.

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, limejaa vitabu, likapelekwa shuleni au katika ukumbi wa ustawi wa jamii, akakabidhiwa mwalimu au karani mmoja mwaminifu. Yeye aliandika jina la kila mwenye kuazima katika daftari. Vikisha kusomwa, sanduku lilirudishwa likaja jingine. Ndivyo vitabu vya pwani vilivyopanda milima. Ofisi ile ile ilitoa pia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, kilichoshinda mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na mwalimu wa Kimeru ambaye hajapata kuiona bahari aliweza kukaa jikoni kwake penye moto, baridi inauma nje, naye yuko Unguja anamfuata Bwana Msa. Baba alitupa habari za masanduku yale mara nyingi. Hakutwambia kuwa kimoja alibaki nacho.

Mwaka 1960 ofisi hiyo ilimtaka mshauri wake wa maktaba, Sidney Hockey, aandike taarifa juu ya namna ya kueneza maktaba katika nchi zetu. Rai yake ilikuwa kwamba kila nchi iwe na chombo chake cha maktaba kilichowekwa kwa sheria, kwa fedha ya serikali, kwa ajili ya watu wote. Tanganyika ikatangulia kutunga sheria mwaka 1963, Uganda ikafuata mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Mwaka huo huo wa 1963 chuo cha kuwafundisha wakutubi wa Afrika ya Mashariki kikafunguliwa Makerere. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha. Mwingereza Max Broome ndiye aliyeianzisha kazi, kisha ikashikwa na mwenyeji, Ezekiel Kaungamno. Sheria mpya ya mwaka 1975 ikaweka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo ndiyo iliyopo hata leo. Ama ile ofisi ya Nairobi ilitawanyika ilipovunjika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977.

Basi ndugu yangu alisema kweli kuwa mpiga muhuri amekufa. Lakini ameacha mrithi: kazi yake ya maktaba katika Tanganyika ilikwisha kuingia mikononi mwa chombo cha taifa. Nikakifunga kitabu katika kitambaa, nikapanda basi Tanga, nikalala Tengeru kwa jamaa, na asubuhi nikashika daladala kwenda mjini.

Nilifika katika maktaba ya umma mlango haujafunguliwa, nikakuta vijana wamekwisha kujipanga. Mkutubi alikuwa mama wa makamo. Akasema, "Shikamoo mzee," nami nikamjibu, nikamweleza kuwa nimekuja kurudisha kitabu cha marehemu. Akaigeuza karatasi ya nyuma, akaisoma tarehe mara mbili. "Kaa hapo, mzee wangu. Hiki si cha kupokelewa kwa haraka. Nikimaliza ya asubuhi nitakuja." Asubuhi yake ilikwisha saa nane mchana, na kwa sababu hiyo nimeiona siku ya mkutubi tangu mwanzo.

Mimi nilidhani ni kazi ya kukaa. Kwanza alipita rafu kwa rafu akisoma namba migongoni mwa vitabu, kimoja kimoja, kwani kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea. Namba hizo ni za mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, uliogawa elimu yote mafungu kumi. Uislamu umo katika 297. Dini nyingine zote zisizo ya Kikristo zimebanwa pamoja nasi katika fungu moja la 290, na ya Kikristo imepewa karibu nafasi yote iliyobaki katika 200. Nilimwuliza mama habari hiyo. Akacheka, akasema mwenye kujenga nyumba hujipa chumba kikubwa. Kisha akaangalia magazeti, akayatia katika fimbo zake. Kisha akafuta vumbi. Kisha vijana wakaingia, na wengi wao, kwa masikitiko yangu, hawakugusa hata kitabu kimoja cha maktaba. Walikuja na madaftari yao, wakataka meza na taa. Mama hakuwaona vibaya. Aliniambia kwao hakuna meza, na anayezoea kukaa penye vitabu iko siku atanyosha mkono.

Alikuja bwana mmoja wa Tengeru mwenye ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja anavimba kiwele. Mama hakumwuliza jina la kitabu. Aliuliza ng'ombe ameanza lini, na anakamuliwa na nani, ndipo akaenda katika 636 akarudi na vitabu viwili, kimoja akakitenga kwa kuwa kina maneno magumu. Akamwambia pia amwite bwana mifugo, maana kitabu hakishiki sindano. Wakati wa kumwazima, alitoa kadi iliyo ndani ya kitabu, akaiunganisha na tikiti ya yule bwana, akaiweka katika kisanduku nyuma ya tarehe yake, akagonga muhuri. Nikaufahamu mlio ule. Ndio uliogongwa siku ile baba aliposimama mahali mfano wa pale.

Katika kutazama hayo nilimkumbuka Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa kamusi kubwa ya miji. Alikaa Marw huko Khurasan, mji uliokuwa na maktaba kumi za wakfu, na ameandika mwenyewe kuwa nyumbani kwake hapakukosekana vitabu 200 na zaidi alivyoazimwa, vingi bila ya kutakiwa rehani. Mtu mgeni, ambaye utumwani alilelewa, anapewa mali ya wakfu kwa neno lake tu! Aliuhama mji ule mwaka 616 wa Hijra, yaani 1219, Wamongoli walipokaribia, na mwaka 1221 wakaja wakauangamiza pamoja na maktaba zake. Karne mbili na nusu kabla yake, mjini Rayy, nyumba ya waziri Ibn al-Amid iliporwa hata hakubakiwa na chombo cha kunywea maji. Alipomwona mkutubi wake, Miskawayh, hakuuliza dhahabu. Aliuliza vitabu. Alipoambiwa kuwa havikuguswa uso wake ukarudi, akasema kuwa vyote vilivyokwenda vina badala, ila hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya mkutubi tangu hapo: kulinda kisichopatikana tena, na papo hapo kukitoa kwa watu wasiojulikana. Mambo mawili hayo hupigana, na mama yule nilimwona yakimpigania mbele ya macho yangu.

Maana karibu na adhuhuri aliingia kijana wa Kimeru amemshika mkono babu yake, mzee sana, akaomba kitabu cha kesi ya ardhi ya Wameru. Wasomaji wetu wa pwani huenda hawaijui habari hii. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa kwa nguvu watu kama 3,000 katika nchi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini ya mlima, ili ardhi wapewe masetla wafuge ng'ombe. Nyumba zikatiwa moto. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwashtaki watawala. Ardhi haikurudi siku ile, lakini Tanganyika nzima ilisikia kuwa Mwingereza aweza kushtakiwa. Kirilo na wakili wake, Earle Seaton, mtu wa Bermuda, waliandika kitabu cha kesi hiyo, kikatoka mwaka 1967, kwa Kiingereza.

Mzee alikuwa mtoto siku ya kufukuzwa. Alitaka kusikia kilichoandikwa kabla hajafa, na kijana alitaka kukichukua nyumbani. Mama akakataa. Kitabu kile ni nakala moja, hukaa nyuma ya meza yake, hakitoki. Kijana akakasirika, akasema habari ni za kwao, vipi wazuiliwe? Nami moyoni nilikuwa upande wake. Mama akamjibu kwa upole, "Ni za kwenu, na ndiyo maana nazilinda. Nikikupa wewe kikakaa, atakayekuja kesho ni Mmeru vile vile." Kisha akavunja kanuni yake mwenyewe ya kunyamaza, akawapa pembe ya chumba cha watoto, kijana akawa anasoma sentensi kwa Kiingereza na kumfasiria babu kwa Kimeru. Mzee alisikiliza amefumba macho. Mara mbili alimkatiza, akasahihisha jina la mtu. Mama akaenda akachukua karatasi, akaandika masahihisho yale kwa kalamu ya risasi, akayatia ndani ya kitabu.

Saa nane alinirudia. Nikamwambia neno lililonileta, kuwa dada amezuia mirathi, na nimechukua fedha ya faini. Tukajaribu kuihesabu kwa mchezo, siku zote tangu 1962, tukaacha. Akaniuliza kama baba alikuwa akikisoma. Nikamwambia alitusomea sisi watoto, kila mwaka, hata mimi naijua hadithi kwa moyo. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua daftari la vitabu vinavyoingia, akakiandika kwa namba mpya. Hakukipokea kama zawadi, kwani nilimkataza. Aliandika neno "kimerudishwa," akanipa karatasi yenye muhuri nimpelekee dada. Faini hakutaka. Alisema mgongo wa kitabu umeachana, kabla hakijaenda rafuni atakitia gundi na uzi, na kama nataka kutoa kitu nilete gundi.

Nikaenda dukani nikaleta.

Mirathi imegawanywa. Lakini katika sanduku kimebaki kile kitabu cha pili, ambacho hakina muhuri wala tarehe, ila jina la mtu wa Pangani limeandikwa kwa herufi za Kiarabu katika jalada la ndani. Nimeanza kuuliza wazee wa huko kama yuko anayewajua watoto wake.