Wapagazi wa Vita vya 1916

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 watu wa mjini Unguja waliamshwa na ngurumo za mizinga. Manowari ya Wadachi, Königsberg, iliikuta bandarini manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na wengi wao walizikwa katika kisiwa cha Chapwani. Hivyo ndivyo vita vya Ulaya vilivyotufikia.

Huko Ufaransa majeshi yalikaa mahandakini miaka mingi yakitazamana. Huku kwetu vita vilikuwa vya mwendo. Mwaka 1916 Waingereza na wenzi wao waliiingilia nchi iliyotawaliwa na Wadachi kutoka pande nne. Mwezi wa Machi Jemadari Smuts alishuka kwa upande wa Kilimanjaro. Wabelgiji walipita Ruanda, hata tarehe 19 Septemba wakaitwaa Tabora. Jemadari Northey alitoka upande wa Nyasa, na Wareno wakavuka Ruvuma. Dar es Salaam ilitwaliwa tarehe 4 Septemba.

Je, ni nani aliyewalisha askari hao wote? Wadachi waliharibu reli walipokuwa wakirudi nyuma, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Basi unga na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Frank Weston, Askofu wa Unguja, alikusanya wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha meja, akaenda nao kwa miguu katika njia ya pwani.

Vita vilipokwisha Novemba 1918, wapagazi wa Afrika ya Mashariki waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na njaa, homa na kuhara damu.

Northey alifanywa gavana wa Kenya, na mwaka 1919 akaamuru watumishi wa serikali na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mwaka 1920 Weston aliandika kuipinga amri ile. Yeye aliyewaongoza watu wakichukua mizigo ya vita hakukubali watwishwe mzigo wa pili wakati wa amani.

Makaburi ya wapagazi wengi hayajulikani. Lakini Kariakoo ya Dar es Salaam yachukua jina la kikosi chao, waliopiga kambi pale, kama masikio yetu yalivyolisikia kwa Waingereza. Kila atajaye soko lile awataja na wao. Tuwaambie watoto wetu maana yake.